Shule Niliyoiacha Nje ya Ramani

Neno lile halikuliwa na mchwa. Halikufifia, wala halikumwagikiwa chai. Niliamua mimi, kalamu ikiwa mkononi na akili zangu timamu, kwamba lisiingie kwenye nakala, na halikuingia. Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi. Nimelikana mara tatu, kama Petro, ila Petro alitoka nje akalia kwa uchungu. Mimi nilitoka nje nikanywa chai na maandazi mawili.

Nawaandikia ninyi vijana wa chumba cha ramani. Mwezi uliopita mlinifanyia tafrija ya kuniaga mkanipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Katikati ya hotuba mmoja wenu akasema kwamba katika kazi zote za Mama Adventina hamjawahi kukuta luhende hata moja. Mkapiga makofi. Mimi nikatazama pilau yangu.

Kwa asiye wa ofisi yetu, luhende ni kitu kilichorukwa wakati wa kunakili ramani: kisima, njia, kaburi. "Pitia tena, kuna luhende hapa." Neno limeshakomaa, lina ngeli yake, na juzi nimelisikia kwa karani wa Misungwi ambaye hajui kwamba Luhende alikuwa mtu, na kwamba kaburi lake haliko mbali na dirisha la ofisi anayokaa. Alipozikwa nilikwenda. Nilikaa safu ya nyuma. Mimi niliyejitapa maisha yangu yote kwamba najua maneno yalikotoka, ndiye peke yangu niliyejua hili lilikotoka, na ndiye niliyenyamaza. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunifukuza, kwa hiyo ujasiri wangu si wa kusifiwa sana.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati Mwanza nzima ilikuwa ikitafuta sabuni. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, pamoja na mwaka mmoja wa Kijerumani niliousoma kwa sababu darasa la Kifaransa lilikuwa limejaa. Katika Kijerumani hicho nilishika namna ya kuagiza bia na ya kuuliza kituo cha treni kiko wapi. Mwanza kila mtu anajua kituo kilipo, na bia siku zile haikuagizwa, iliombwa.

Chumba cha ramani kilikuwa nyuma ya jengo, dirisha likitazama mto Mirongo, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mfereji wenye jina zuri. Ndani mlikuwa na meza moja ya kioo iliyowekewa taa chini yake, makabati ya mbao, na Mzee Luhende, mkuu wa chumba. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la kijivu la mifuko miwili, mmoja wa wembe wa kukwangulia wino, mwingine wa karanga. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akikosea mfuko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Ndiyo, mzee."

"Umesomea nini?"

"Jiografia."

"Hiyo iko nje," akasema, akionyesha dirisha kwa kidevu. "Humu ndani tunanakili."

Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, na ramani aliiita lamani. Hakuna aliyethubutu kumrekebisha, kwa sababu mkono wake ulikuwa haujapata kutetemeka. Alinifundisha kuchanganya wino ili usikauke kwenye nibu wakati wa kiangazi. Alinifundisha kusubiri wakati wa masika, maana karatasi ikinyonya unyevu hutanuka, na mto ulionakiliwa asubuhi huwa umesogea ifikapo saa tisa. Alinifundisha kukwangua kosa kwa wembe uliolazwa, si uliosimamishwa. Na kila Jumatatu alinikumbusha sheria yake ambayo mimi, kwa elimu yangu, niliiona ya watu wasiosoma.

"Nakili, usisahihishe."

"Na kama mchoraji alikosea, mzee?"

"Yeye alikuwepo. Wewe hukuwepo."

Kulikuwa na desturi nyingine. Pembeni chini ya kila nakala palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Imenakiliwa na", lakini mwanagenzi hakutia sahihi yake humo. Mkuu wa chumba ndiye aliyesaini kazi zote zilizotoka mezani pale, za kwake na za wengine. Wiki ya pili tu nikaanza kulalamika. Nilimwambia si haki, nimetoboka macho kwa ramani ya Sengerema na jina litakalosomwa ni lake.

"Siku utakayokosea," akasema akimenya karanga, "utaipenda desturi hii."

Kazi yangu hasa ilikuwa ramani za Wajerumani. Zilikuwa zimechorwa juu ya kitani na kuhifadhiwa kwenye mikebe mirefu ya bati, na mchwa walikuwa wamepata njia ya kuingilia. Tulinakili kabla hawajamaliza. Nakala ikishakaguliwa na kusainiwa, kitani kilichooza kilichomwa nyuma ya jengo ili wadudu wasihamie kwenye mikebe mingine. Nikaazima kamusi ya Kijerumani kwenye parokia moja. Ilikuwa imenyofoka kurasa za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo sijui neno la Kijerumani linaloanza na A. Lakini ofisini iliwatosha. Wakaanza kuniita Mjerumani, nami nikaanza kutembea kama mtu anayestahili kuitwa hivyo.

Katika maneno yote niliyokutana nayo kwenye vitani vile nililipenda moja, nikalifanya wimbo wangu: *Schule*. Kila mgeni aliyeingia chumbani alisimuliwa asili yake, atake asitake. Wajerumani hawakulizaa. Walilipata kwa Kilatini, *schola*, lililoingia kwao pamoja na watawa na vitabu vyao, zama ambazo kusoma ilikuwa kazi ya nyumba za watawa. Kilatini nacho kililichukua kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki wa mwanzo lilikuwa na maana ya wasaa, muda wa mtu asiyekimbizwa na kazi. Baadaye likawa mazungumzo ya watu wenye wasaa huo, kisha likawa mahali wanapokutania. Karne zikapita, Wajerumani wakaja nalo mpaka ziwani kwetu, wakakaa muda usiofika hata utumishi wa mtu mmoja, wakaondoka na bunduki zao. Neno wakaliacha. Waingereza walipokuja na la kwao, ambalo ni ndugu yake wa damu, Zanzibar walilipokea wakasema skuli. Sisi wa bara tulikuwa tumeshazoea shule, na mtu habadilishi jembe ambalo limeshaizoea mikono yake.

Siku nilipomsimulia Mzee Luhende, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatema ganda la karanga.

"Wasaa?"

"Ndiyo, mzee. Muda wa kupumzika."

"Basi hao Wagiriki hawakulima shamba la mwalimu."

Nikacheka. Yeye akaendelea, na maneno yaliyofuata niliyasikia kama msomi anavyomsikiliza mzee, yaani kwa heshima na bila kuyaweka popote.

"Baba yangu alisoma shule ya Mjerumani," akasema. "Hakukuwa na nyumba. Kulikuwa na mwalimu, na ngoma ya kuitia, na ua wa minyaa ili ng'ombe wasiingie katikati ya masomo. Mvua ikija, wanarudi kwao. Lakini ukimuuliza baba alisomea wapi, hakusema nilisomea kwenye minyaa. Alisema shule."

Mwaka wa tatu wa kazi yangu nilipewa kitani cha ufuko wa kusini, penye kijiji ambacho hapa nitakiita Nyabusolwa. Kilikuwa kimeliwa pembeni, lakini katikati kilikuwa kizima. Palikuwa na mwamba majini, njia ya miguu, na mstatili mkubwa wa nukta nukta, na ndani ya mstatili, kwa mwandiko safi wa mtu aliyechapwa utotoni kwa ajili ya mwandiko, limeandikwa *Schule*.

Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini. Na kwa sababu nilifurahi, nikataka kumwona. Wiki ile Mzee Luhende alikuwa amekwenda kumzika kaka yake, na gari la ofisi lilikuwa linakwenda upande wa Misungwi. Nikamwomba dereva, Athumani, apite ufukoni.

Tulifika saa sita mchana. Mwamba ulikuwepo. Njia ilikuwepo. Penye mstatili palikuwa na ua wa minyaa ulionyooka kama uliopigwa rula, umekatwa usawa wa kifua pote, matawi yaliyopunguzwa yakiwa bado yanatoa utomvu mweupe chini. Ndani ya ua palikuwa na nyasi tu. Hapakuwa na msingi, wala tofali, wala jiwe juu ya jiwe. Upande wa pili wa njia wanawake walikuwa wanapalilia mihogo. Ningeweza kutembea hatua arobaini nikawasalimu. Badala yake nikamuuliza dereva.

"Athumani, hapa kuna shule?"

"Shule, dada? Hapa hata choo hakuna."

Huo ndio utafiti wangu. Nimewahi kuwasomea ninyi mihadhara juu ya utafiti, na hamkujua kwamba wa kwangu nilioutegemea kuliko yote niliufanya nikiwa nimeegemea mlango wa gari. Minyaa iliyokatwa jana niliiona kwa macho yangu mawili, na haikunijia kujiuliza ni nani anayepunguza ua wa mahali pasipo na kitu.

Nilirudi ofisini nikijiona shujaa wa ukweli. Chuoni tulifundishwa kwamba ramani isiyolingana na ardhi ni hadithi. Basi nikanakili mwamba, nikanakili njia, na nilipofika kwenye mstatili nikainua kalamu, nikauruka. Niliisahihisha ramani ya Mjerumani. Nilijua asili ya neno lile kupitia lugha tatu, nikaliacha nje kwa sababu sikuona ukuta.

Mzee Luhende alirudi kutoka msibani amekonda, akakuta nakala saba zinamsubiri. Desturi yake ilikuwa kuweka kitani na nakala sambamba na kupita na kioo cha kukuzia, shubiri kwa shubiri. Siku ile alishika kioo, akakiweka chini.

"Umenakili yote?"

"Yote, mzee."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akasaini zote saba. Jioni vitani vikachomwa, nami ndiye niliyeshika kiberiti.

Miaka ikaenda. Mzee akastaafu akarudi kwao Misungwi, akawa ananiletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mkono wa mtu yeyote anayekuja mjini, pamoja na salamu zilezile: je, wino haukauki? Mimi nikawa mkuu wa chumba na kalamu ya kusaini ikawa yangu. Kisha ikaja miaka ya tisini, mlango wa biashara ukafunguliwa, na ziwa likageuka. Samaki ambaye tulimzoea sufuriani, sangara, akaanza kupanda ndege. Viwanda vya minofu vikaota ufukoni, sisi tukabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa, na harufu. Kila mtu mwenye koti akataka kiwanja kinachogusa maji. Ramani ambazo kwa miaka kumi zilikuwa zinaguswa na mimi na mchwa peke yetu, sasa zilikuwa na foleni.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Orodha zilibandikwa ubaoni bila tangazo. Ulikuja asubuhi ukajisoma. Mume wangu alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu na kilichokuwa kinafika kutoka kwake ni salamu. Nilikuwa na watoto wawili wa shule ya msingi, na shule yao ilikuwa karibu kiasi kwamba wakisahau kalamu walirudi kuichukua wakati wa mapumziko. Nalitaja hili kwa makusudi.

Siku moja mwanamke mmoja alisimama kaunta. Alikuwa mtu mzima, kanga mbili, vumbi mpaka magotini. Akajitaja: Mama Kulwa, mwenyekiti wa kamati ya shule ya Nyabusolwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Nimekuja kuiangalia shule yetu. Tunasikia imeombwa na watu wa samaki, wanataka kujenga pa kupokelea mitumbwi."

Nikaenda kabatini mwenyewe. Nikaitandaza nakala kwenye kaunta. Ufuko, mwamba, njia, na hapo katikati, weupe.

"Mama, hapa hakuna shule."

"Hakuna kwenye karatasi, au hakuna?"

"Kwenye ramani, mama."

"Aliyeiandika hiyo ramani alifika kwetu?"

"Alifika."

"Hakuona minyaa?"

Akaweka viwiko kwenye kaunta kama mtu anayejiandaa kumweleza mtoto mgumu.

"Minyaa haijipunguzi yenyewe, binti. Mwaka huu nimeipunguza mimi na wenzangu. Kabla yangu alikuwa mama mkwe wangu, na kabla yake mama mkwe wake. Mwalimu wa pale alichukuliwa vitani kubeba mizigo, hakurudi. Wazee wakasema ua usife, atakuja mwalimu mwingine. Hakuna aliyelima mle ndani. Hata mwaka wa njaa, watu walikula mizizi ya majini, mle hawakulima."

"Mmesubiri muda wote huo?"

"Wewe ukimngoja mgeni unalima sebuleni?" Akanitazama. "Watoto wetu wanasoma kijiji cha pili. Kuna mbuga katikati. Masika ikijaa wanakaa nyumbani miezi miwili, wakirudi wamesahau hata majina yao. Tumeshafyatua tofali. Tunachotaka ni karatasi iseme tu. Haiwezekani kwamba kwenye ile ya zamani iliandikwa, nyinyi mkairuka?"

Nilikuwa naiona *Schule* ile, kila mkunjo wa herufi.

"Hapana, mama," nikasema. "Sisi haturuki kitu."

Hiyo ikawa ya pili, na ndiyo siku ya chai na maandazi.

"Haya," akasema Mama Kulwa. "Nitarudi." Na akarudi. Kila siku ya gulio la Buhongwa, akishauza mihogo yake, alipitiliza mpaka mjini akakaa kwenye benchi letu akisokota kamba ya katani. Hakugomba wala hakuomba. Nikipita alinisalimu kwa furaha akaniuliza watoto wangu hawajambo, na kama wanasoma vizuri.

Mgogoro ukaundiwa kamati, ambayo ingekwenda kukaa kijijini na kuleta taarifa kwa Bwana Ardhi, mkuu wetu, mtu mwenye haki na haraka. Aliniita akanieleza, nami nakumbuka kila neno.

"Adventina, jambo ni dogo. Karatasi inasema hapana kitu. Kijiji kinasema pana. Kitani cha Mjerumani hakipo. Sasa kama mnakili akitokea akasema niliruka, naandika leoleo, kiwanja kinarudi kijijini. Asipotokea, karatasi ndiyo itakayosema. Nani aliyesaini?"

"Mzee Luhende."

"Yule wa karanga? Yu hai?"

"Yuko Misungwi."

"Basi kamati imwite. Na kama ni yeye, ana bahati amestaafu. Uzembe wa namna hii mwaka huu ningeupeleka kwenye orodha bila kusoma jina."

Nilirudi chumbani nikaandika barua ya kukiri. Rasimu ya kwanza ilikuwa na utangulizi. Ya pili ilieleza mazingira ya kihistoria. Ya tatu ilikuwa na mstari mmoja, niliruka mimi, nami nikaiona haina heshima ya kiofisi nikaiweka chini ya rula kwenye mtoto wa meza. Kila asubuhi nilifungua mtoto wa meza nikachukua rula. Siku ambayo kamati ilikwenda Nyabusolwa mimi nilikuwa kitandani, nimepata malaria ambayo daktari hakuiona.

Kesho yake niliripoti kazini. Ofisi nzima ilikuwa na simu moja, na ilikaa juu ya meza ya Bwana Ardhi. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi aliponiita kwa sauti kutoka mlangoni kwake.

"Adventina! Simu yako. Misungwi."

Nikaingia. Hakutoka, alirudi kwenye kiti chake na kuendelea kupekua mafaili, kama watu wakubwa wanavyokupa faragha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepona?"

"Nimepona."

"Ugonjwa wa siku moja ni mzuri." Nyuma yake nilisikia watu wa posta wakibishana juu ya foleni. "Sikiliza, hii simu ina wenyewe. Jana nilikuwa Nyabusolwa. Wamenionyesha ile lamani. Wakaniuliza, mzee, sahihi hii ni yako? Nikasema ni yangu. Wakaniuliza, palikuwa na shule? Nikaitazama ile minyaa, nikasema palikuwa na shule, na imerukwa. Yule mama akapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia."

"Mzee, lakini mkono..."

"Mkono hawakuuliza."

"Wewe unaujua."

"Nimeufundisha mimi, nitakosaje kuujua."

Bwana Ardhi alifungua ukurasa. Nikageuka nikautazama ukuta.

"Watakuandika, mzee. Jina lako litabaki kwenye faili."

"Jina langu liko kwenye mafaili miaka thelathini. Hili ndilo la kwanza litakalosomwa." Akacheka, kisha akaacha. "Usidhani nimekubebea, Adventina. Ile siku niliweka kioo chini. Nilikuwa na msiba, ndiyo, lakini msiba haukagui lamani. Nimebeba changu. Chako sijakigusa, kipo hapohapo ulipo."

Nikauhamishia mkono wa simu kwenye sikio la pili.

"Sasa chukua kalamu nyembamba," akasema. "Rudisha ule mstatili, nukta nukta, na neno lake."

"Niandike Shule?"

"Kwenye kitani liliandikwaje?"

"Kijerumani."

"Basi? Nakili, usisahihishe. Haya, hawa watu wananisukuma. Wasalimie watoto."

Simu ikakatika. Nikaurudisha mkono wa simu mahali pake, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Bwana Ardhi alikuwa ameshalifungua faili la Nyabusolwa na kulitandaza mbele yake, kalamu imetolewa kifuniko.

"Huyo alikuwa Luhende?"

"Ndiyo, bwana."

"Amekubali? Ndiye aliyeiruka ile shule?"

Nje, kwenye benchi, Mama Kulwa alikuwa tayari amefika. Nilimsikia akimwamkia mtu wa mapokezi kwa sauti ya mtu ambaye hajalala kwa furaha. Kalamu ya Bwana Ardhi ilikuwa inangoja juu ya karatasi.

"Ndiye," nikasema.